Nyama ya Krismasi na Jirani wa Imani Nyingine

Mazungumzo ya redio kwa majira ya Majilio
Masomo: Warumi 14:1-19 na 1 Wakorintho 10:23-33

  Tumo katika majuma ya Majilio, na kama mjuavyo, majuma haya hayalitayarishi kanisa peke yake. Kijiji kizima hujitayarisha. Kuta za nyumba zinasiribwa kwa udongo mpya, kuku wanahesabiwa, na wazee wanaketi chini ya mti kuhesabu mchango wa ng'ombe.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mwaka huleta maneno katika vijiji vyetu. Ni hili: tuishikeje sikukuu ya kuzaliwa kwa Bwana wetu katika kijiji chenye watu wa imani mbalimbali? Na ndani ya jambo hilo limo swali moja ambalo watu humwuliza mchungaji kwa sauti ya chini baada ya ibada: Je, Mkristo aweza kula nyama iliyochinjwa na Mwislamu? Nakuomba, ndugu msikilizaji, usifanye haraka kujibu. Tulifuate jambo hili hatua kwa hatua, kwa maana wengine wamejibu upesi, na jibu lao limevunja nyumba.

Ukoo mmoja, njia nyingi

Tuchukue mfano wa Magharibi mwa Kenya, upande wa Mumias na Butere. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani ilifika kwa Nabongo Mumia kabla ya mwaka wa 1900, na Uislamu ukatia mizizi pale. Marafiki, ambao wengi huwaita Waquaker, walianza kazi yao Kaimosi mwaka wa 1902. Misheni yetu ya CMS ilianza Maseno mwaka wa 1906, kisha Butere mwaka wa 1912. Mwaka ule ule wa 1906 Waadventista wa Sabato walianza kule Gendia, karibu na ziwa. Wakatoliki nao walikuja katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa karne, na baadaye Wapentekoste. Kisha mwaka wa 1942 Zakayo Kivuli alianzisha kanisa la African Israel Nineveh, ambalo watu wake mnawajua kwa kanzu nyeupe, bendera na ngoma njiani.

Sasa angalieni. Hakuna hata mmoja wa hao aliyekuja na kijiji chake. Wote walikikuta kijiji kile kile, na ukoo ule ule, na kisima kile kile. Ndiyo maana leo katika boma moja utamkuta nyanya ni Mwanglikana tangu siku za wamisheni, mwanawe wa kwanza ni Mwislamu kwa sababu alilelewa na mjomba mjini, wa pili anavaa kanzu nyeupe, binti ameolewa kwa Wasabato, na kijana wa mwisho ameokoka huko Nairobi katika kanisa ambalo nyanya hawezi hata kulitamka jina lake. Wote ni watoto wa tumbo moja, na wote wanakuja nyumbani mwezi wa Desemba.

Wanakuja kweli kweli. Nauli ya matatu inapanda, na bado wanakuja, na mizigo ya unga wa ngano, mafuta, sukari na nguo mpya za watoto. Usiku vijana wa kwaya hupita nyumba hata nyumba wakiimba. Siku ya sikukuu yenyewe ibada huwa ndefu, watoto wengi wanabatizwa, na baada ya ibada kuna chai na chapati, ugali na kuku, na firigisi anawekewa mwenye nyumba kama desturi inavyotaka. Upande wa Isukha na Idakho watu hukimbilia uwanjani kutazama mafahali wakipigana, huku isukuti ikilia. Hizi ni furaha nzuri, nami sina neno la kuzilaumu. Ila furaha hiyo hiyo ndiyo inayowakutanisha mezani watu wasiokubaliana juu ya chakula, juu ya siku, na hata juu ya jina la Yeye tunayemsherehekea.

Kwa nini wengine hawaishiki siku hii

Kwanza tujue mambo kama yalivyo. Wako Wakristo wetu wanaomwona jirani asiyeshika Krismasi kuwa kama mtu asiyemjua Mungu. Huko ni kutojua historia ya Kanisa.

Injili ya Luka inatueleza habari za hori, za wachungaji na za malaika, lakini haitaji tarehe wala mwezi. Ushuhuda wa zamani ulio wazi kwamba Wakristo waliishika tarehe 25 Desemba unatoka Roma, nao ni wa mwaka wa 336, yaani zaidi ya miaka 300 baada ya Bwana wetu kuzaliwa. Hata leo Wakristo wa Ethiopia na Warusi husherehekea tarehe 7 Januari kwa kuwa wanafuata kalenda nyingine. Je, tuseme kwamba Mwethiopia amechelewa kwenda Bethlehemu?

Tena wako Wakristo wa Kiprotestanti, baba zetu katika Matengenezo, walioikataa sikukuu hii kabisa kwa sababu haikuamriwa katika Maandiko. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku Krismasi mwaka wa 1647. Kule Scotland, walikotoka wamisheni waliowaletea Injili ndugu zetu Wapresbiteri wa Kenya, siku ya Krismasi haikuwa sikukuu ya serikali mpaka mwaka wa 1958. Walikuwa watu wenye kumcha Mungu sana, tena kwa miaka mingi walikwenda kazini siku hiyo kama siku nyingine yoyote.

Basi, ukisikia kwamba Shahidi wa Yehova hashiki Krismasi, ujue kwamba anasema hakuna amri ya Biblia juu yake. Sisi tunatofautiana naye katika mambo makubwa zaidi, hasa juu ya Uungu wa Kristo, lakini kwa neno hili moja la tarehe hatuwezi kumwonyesha aya. Ukimwona Msabato hachangamki sana, kumbuka kwamba kwake siku takatifu ni Sabato, kutoka kuchwa kwa jua Ijumaa mpaka kuchwa kwa jua Jumamosi. Mwaka wa 2021 Krismasi iliangukia Jumamosi, na mwaka wa 2027 itakuwa hivyo tena. Siku kama hiyo usimlazimishe dada yako aliyeolewa kwa Wasabato kupika karamu na kubeba kuni, kisha ukasema ana kiburi. Na Marafiki wa zamani walifundisha kwamba kila siku ni ya Mungu sawasawa, ingawa Marafiki wa kwetu leo huimba nyimbo za Krismasi kwa nguvu kutushinda.

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi juu ya watu wa namna hii hasa. Alisema yuko aionaye siku moja kuwa bora kuliko nyingine, na yuko aonaye siku zote kuwa sawa, na kwamba kila mtu athibitike katika akili yake mwenyewe. Hakusema siku si kitu. Alisema kwamba aishikaye aishike kwa Bwana. Sisi Waanglikana tunaishika kwa Bwana, na tunayo sababu njema, kwa maana Neno alifanyika mwili na jambo hilo lastahili siku yake. Lakini Kanuni zetu 39 za Dini zina neno la hekima. Kanuni ya 34 inafundisha kwamba si lazima mapokeo na taratibu za ibada ziwe sawa mahali pote, mradi zisipingane na Neno la Mungu.  Kanuni hiyo hiyo inaongeza kwamba mtu asiuvunje utaratibu wa kanisa lake hadharani kwa kupenda kwake mwenyewe, asije akazijeruhi dhamiri za walio dhaifu. Kwa hiyo tunafundishwa mambo mawili pamoja: tushike desturi yetu kwa uaminifu, wala tusiifanye kuwa fimbo ya kumpigia jirani.

Habari ya kisu na nyama

Sasa tuje kwenye nyama, maana hapo ndipo moto unapowaka.

Katika vijiji vingi vya Kenya na Tanzania iko desturi ya zamani kwamba mnyama wa karamu ya watu wote huchinjwa na Mwislamu. Wakristo wenyewe humwita jirani, humkabidhi kisu, kisha nyama hugawanywa, na kila mtu anakula pamoja na wageni wote. Hata nyama unayonunua buchani mjini mara nyingi imechinjwa hivyo hivyo, nawe umeila miaka yote bila kuuliza. Sababu ya desturi hii ilikuwa ujirani tu. Mwislamu haruhusiwi kula nyama isiyochinjwa kwa namna ya sheria yake, bali Mkristo hana katazo kama hilo. Wazee wakaona ni afadhali yule mwenye nafasi pana ampishe yule mwenye nafasi nyembamba, ili wote wakae sahani moja.

Lakini katika miaka ya karibuni wako vijana wanaokuja nyumbani wamefundishwa kwamba nyama hiyo imetolewa kwa sanamu, na kwamba anayeila anashiriki ibada ya mashetani. Nadhani wengi wenu mmekwisha kuona mambo haya. Kijana anakataa sahani mbele ya wageni. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyechinja, anasikia. Mama aliyeamka saa kumi usiku kuwasha moto anajifunika uso kwa leso. Na Krismasi inaishia hapo. Pengine mwaka unaofuata baba mdogo haji tena, na watoto wake hawaji, na mpaka wa shamba uliokuwa hauna shida unaanza kupimwa upya.

Wala msidhani kwamba ni mambo ya nyumbani tu. Mwezi wa Februari 2013, kule Buseresere katika mkoa wa Geita nchini Tanzania, ugomvi baina ya Wakristo na Waislamu juu ya nani achinje nyama ulifika hatua ya mapanga, na mchungaji mmoja akauawa. Watu walikuwa wamenunua nyama katika soko moja kwa miaka mingi. Ndugu zangu, jambo linaloweza kumwaga damu ya mtu halifai kujibiwa kwa mzaha, wala kwa kelele za vipaza sauti.

Basi Maandiko yanasemaje? Kule Korintho nyama nyingi sokoni zilitoka katika mahekalu ya miungu. Mnyama aliletwa mbele ya sanamu, sehemu ikateketezwa, sehemu ikaliwa mle mle hekaluni, na iliyosalia ikauzwa. Wakristo waliokuwa wameziacha sanamu hizo juzi tu walisumbuka sana. Paulo aliwajibu kwa kutenganisha mambo matatu, nasi tuyatenganishe vivyo hivyo.

La kwanza ni kuketi katika karamu ya hekalu, kushiriki ibada yenyewe. Hilo alilikataza kabisa, kwa maana mtu hawezi kushiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani.

La pili ni nyama iuzwayo sokoni, au inayoandaliwa nyumbani kwa rafiki. Hapo alisema waile bila kuuliza-uliza kwa ajili ya dhamiri, kwa sababu dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana.

La tatu ni pale mtu mwingine anaposema wazi kwamba nyama hii imetolewa sadaka kwa sanamu. Hapo alisema wasile, si kwa sababu nyama imebadilika, bali kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyesema.

Sasa linganisheni na baba mdogo mwenye kisu. Je, yuko sanamu pale? Hayuko. Huelekea Makka, hutaja jina la Mungu Muumba, hukata koo kwa kisu kikali na kuiacha damu itoke. Neno Allah analolitaja ndilo neno ambalo Wakristo wa nchi za Kiarabu wanalo katika Biblia zao kwa kumtaja Mungu. Ni kweli kwamba Mwislamu hamjui Mungu huyo kuwa Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, na tofauti hiyo si ndogo, nitaisema baada ya kitambo. Lakini kuchinja kwa chakula si sadaka kwa sanamu. Tena jambo la damu ambalo Mitume walilitaja katika Matendo 15, anayechinja hivyo amelitimiza kuliko Wakristo wengi wanaomkaba kuku shingo kwa haraka nyuma ya jiko. Kwa hiyo jibu langu, kwa kadiri ninavyoyaelewa Maandiko, ni hili: Mkristo yuko huru kula nyama hiyo kwa shukrani.

Hata hivyo sitaki mtu ayachukue maneno haya akampige nayo kijana wake. Paulo hakuwaambia wenye nguvu wawacheke wenye dhamiri dhaifu. Alisema wawapokee, wala wasiwahukumu mawazo yao. Ikiwa kijana wako hawezi kula kwa dhamiri safi, mpikie maharagwe au mayai, na habari iishie jikoni. Na wewe kijana, ikiwa dhamiri yako inakukataza, nakusihi ukatae kwa adabu. Mwambie mama kando, mapema, kabla ya wageni kuketi. Pokea ugali na mboga, kaa mezani pamoja na baba yako mdogo, umsalimie kwa mikono miwili. Dhamiri yako haikukatazi salamu. Kumkataa mtu ni jambo jingine kabisa na kukataa nyama.

Na ikiwa wewe ni Mkristo unayetaka kuchinja mnyama wako mwenyewe nyumbani kwako, hakuna dhambi, ni haki yako. Lakini waambie wageni Waislamu wazi kwamba umechinja mwenyewe. Qurani katika Sura ya Tano inawaruhusu chakula cha Watu wa Kitabu, na wako wanaokula kwa aya hiyo, lakini wengi hawatakula. Usiwafiche. Kumlisha mtu kwa hila kile ambacho imani yake inamkataza ni uongo, hata kama uongo huo umewekwa katika sahani nzuri ya sikukuu. Kadhalika kwa Msabato: kama sufuria ilipikiwa nguruwe, sema.

Namna ya kutendeana mema

Mama zetu wengi walikwisha kulitatua jambo hili zamani bila kwenda chuo cha theolojia. Wao humpelekea jirani kitu kibichi: kuku aliye hai, sukari na majani ya chai, unga, ndizi au maziwa. Jirani atapika mwenyewe kwa sufuria yake na kisu chake. Kisha Idd inapofika, jirani huleta pilau na mandazi, au kipande cha nyama. Katika Idd ya kuchinja, wanapokumbuka habari za Ibrahimu, ni desturi yao kugawa nyama kwa jamaa, majirani na maskini. Wako Wakristo ambao dhamiri zao zinasita kwa nyama hiyo ya Idd, kwa kuwa imechinjwa katika ibada, nami siwalazimishi. Wapokee zawadi kwa asante, wala wasiitupe mbele ya mtoto aliyetumwa. Mtoto huyo atasimulia nyumbani.

Tujifunze pia kalenda za wenzetu. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko wetu kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na baada ya miaka 33 hivi imezunguka majira yote. Krismasi ya mwaka wa 1998 na ya mwaka wa 1999 ziliangukia ndani ya Ramadhani, na mwaka wa 2000 Idd ilikuja siku chache tu baada ya Krismasi. Mambo hayo yatarudi: kwa hesabu ya mwezi, Krismasi za mwaka wa 2031 na wa 2032 zitakuwa tena ndani ya mfungo. Itakuwaje jirani akifunga kutwa nasi tunapika mchana kutwa? Tusimwite kwenye karamu ya saa saba mchana. Tumpelekee kitu jioni, wakati wa kufuturu. Na watoto wetu wafundishwe tangu sasa wasimdhihaki mtoto anayefunga.

Tusichopaswa kukubali

Lakini, ndugu wapendwa, upendo hautuambii tuchanganye dini katika chungu kimoja. Yako mambo ambayo Mkristo hana budi kusimama.

Kwanza, habari za Kristo mwenyewe. Waislamu humheshimu Isa bin Mariamu. Kitabu chao kina sura nzima iitwayo Maryam, na wanakiri kwamba alizaliwa na bikira. Jirani aweza kukuambia kwa moyo mwema, "Basi hatuna tofauti." Mshukuru kwa heshima hiyo, lakini usiseme ndiyo kwa ajili ya kupendeza. Sisi tunakiri kwamba mtoto yule aliyelazwa horini ni Mwana wa Mungu, Mungu kweli, aliyekuja kufa kwa ajili ya dhambi zetu. Yeye hakubali hilo. Petro anatufundisha tuwe tayari kueleza tumaini letu kwa upole na kwa hofu. Kueleza si kugombana. Na mtu aliyekula nyumbani kwako miaka ishirini bila kulaghaiwa atakusikiliza kuliko yule uliyemrushia maneno kwa kipaza sauti.

Pili, habari za marehemu. Kwa kuwa jamaa wote wako nyumbani mwezi wa Desemba, familia nyingi hufanya kumbukumbu za wafu wao na kusakafia makaburi. Ni jambo jema kumshukuru Mungu kwa maisha ya baba na kusafisha mahali alipolala. Bali kumwaga pombe kaburini na kuwasihi marehemu walinde boma, hapo tumeacha kukumbuka tumeanza kuabudu. Mkristo akae kando, aseme kwa heshima kwa nini amekaa kando, na aendelee kuchota maji na kuwahudumia wageni kama wengine, ili pasiwe na mtu wa kusema ameukataa ukoo.

Tatu, habari za pombe. Tangu Uamsho ulipoingia Kenya mwaka wa 1937 kutoka Rwanda, ndugu wengi waliiacha busaa kabisa, nao walipata hasara ya kuchekwa na wazee wa rika lao. Leo neno limegeuka. Ni jambo la aibu kwamba jirani zetu Waislamu, Wasabato na wengi wa wenye kanzu nyeupe wanaipita siku ya kuzaliwa kwa Mwokozi wetu bila kulewa, na wabatizwa wetu wanaokotwa mtaroni wakinuka chang'aa. Tunabishana juu ya kisu cha nani kilichochinja ng'ombe, na mtu anampiga mkewe usiku wa Krismasi. Mwislamu akituuliza kama huyo ndiye Mwokozi tunayemsherehekea, tutamjibu nini?

Meza iliyo pana

Mwisho, kumbukeni ni nani walioalikwa kwenye Krismasi ya kwanza. Wachungaji wa kondoo, watu walalao makondeni, waliitwa na malaika. Mamajusi, wageni wa mbali, watu wa dini nyingine kabisa, waliongozwa kwa nyota. Hawakuulizwa kwanza desturi zao za chakula. Walimwona mtoto, wakamsujudia. Mungu mwenyewe aliwafungulia njia ya kufika, na Mariamu na Yusufu hawakuwafungia mlango.

Basi wewe uliye mama wa boma, wewe uliye mzee wa kanisa, na wewe uliye kijana unayepakia mizigo yako huko Nairobi au Mombasa, fanya mambo matatu mwaka huu. Kabla ya sikukuu, uliza ni nani nyumbani asiyekula nini, ili jambo hilo lisizuke mezani. Nenda kwa jirani mmoja asiyeshika Krismasi ukamjulie hali, mkono wako ukiwa na kitu. Na kama yuko ndugu aliyeacha kuja kwa sababu ya maneno ya mwaka jana au juzi, mpigie simu kabla hajanunua tikiti ya kwenda kwingine. Paulo anasema ufalme wa Mungu haukai katika kula na kunywa, bali katika haki, amani na furaha ya Roho Mtakatifu. Alisema hayo akiwa anajua vizuri kwamba watu watagombana kwa sababu ya kula na kunywa mpaka Bwana atakaporudi.

Tuombe. Ee Baba yetu, uliyemtoa Mwanao azaliwe katika mji mdogo uliojaa wageni, tunakuombea vijiji vyetu katika sikukuu hii. Walinde walio njiani. Wapatanishe ndugu waliotengana. Wape wenye nguvu upole, na wenye dhamiri dhaifu amani. Utufanye waaminifu kwa jina la Yesu, na wema kwa jirani asiyelikiri jina hilo, ili katika nyumba zetu aone jinsi ulivyoupenda ulimwengu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.